DVD ya Marekani ikigoma kwenye deki ya Arusha: namba ya ukanda, PAL na NTSC, na umeme

Diski halisi ya filamu iliyonunuliwa Marekani, ukiitia kwenye deki iliyonunuliwa dukani Arusha au Moshi, mara nyingi itakupa maandishi mafupi tu kwenye kioo: Wrong Region, au Region Error, au kwenye deki za Sony ile sentensi ndefu ya Playback prohibited by area limitations. Hapo watu huanza kuifuta diski kwa shati, wakishindwa wanapeleka deki kwa fundi akabadilishe lenzi. Lenzi ni nzima, tena ndiyo iliyosoma diski hadi ikajua kwamba haitakiwi kuicheza. Diski na deki zimekataana kwa makusudi: kila moja ina namba ya ukanda wa dunia inakouzwa, na namba zisipolingana haichezi, kwa makubaliano ya kampuni za filamu na watengeneza deki yaliyofikiwa kabla DVD ya kwanza haijaingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996.

Sababu yenyewe ilikuwa ya kibiashara. Filamu ilianza kwenye majumba ya sinema Marekani, kisha mikanda ikasafiri nchi nyingine miezi kadhaa baadaye. Diski ingeweza kuwa madukani New York wakati sinema za Ulaya bado hazijaanza kuuza tiketi. Halafu kuna bei: kampuni zilitaka kuuza kwa bei moja London na nyingine Mumbai bila mfanyabiashara kununua huku akauze kule. Leo filamu kubwa hutoka karibu siku moja dunia nzima na watu wanatazama mtandaoni, lakini kufuli halijaondolewa kwenye mamilioni ya diski zilizokwisha kuchapwa, na hizo ndizo zinazotufikia huku kwenye mabegi ya wageni, kwenye vifurushi vya ndugu walioko nje na kwenye vyombo vinavyouzwa mgeni akimaliza mkataba wake.

Tanzania iko ukanda wa 5, pamoja na Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika, India, Pakistani, Urusi na nchi za Asia ya Kati. Ukanda wa 1 ni Marekani na Kanada. Wa 2 ni Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, na pia Misri na Afrika Kusini, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wa 3 ni Korea Kusini, Taiwan, Hong Kong na Asia ya Kusini-Mashariki. Wa 4 ni Australia, New Zealand, Mexico na Amerika ya Kusini. Wa 6 ni China bara. Wa 7 uliwekwa akiba, na wa 8 ni wa ndege na meli za abiria, huo hutakutana nao sokoni Kilombero.

Kwa maisha yetu ya huku, maana yake ni hii. Diski halisi ya Nairobi iliyopita Namanga inacheza bila maneno. Ya Mumbai inacheza. Ya Dubai inagoma. Ya Johannesburg nayo inagoma, ingawa mnunuzi anajiambia kwamba Afrika ni Afrika. Ya London inategemea, kwa sababu diski nyingi za Uingereza zimefunguliwa kwa kanda zaidi ya moja. Geuza kava utazame nyuma, chini karibu na nembo ya DVD: kuna picha ndogo ya dunia yenye namba ndani. Ikiwa 2 peke yake, haitakubali deki yetu. Ikiwa 2 na 4, vilevile. Ikiwa 2, 4 na 5, weka utazame. Ukiona neno ALL au namba 0, diski haina kufuli. 0 siyo ukanda wa mahali popote, ni namna tu ya kusema kote ruksa.

Kufuli lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya diski kuna folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake faili VIDEO_TS.IFO. Kwenye faili hilo, baiti iliyoko nafasi ya 0x23 ina biti nane, kila biti ya ukanda mmoja, kuanzia wa 8 upande wa kushoto hadi wa 1 upande wa kulia. Biti ikiwa 0, ukanda huo unaruhusiwa; ikiwa 1, umefungiwa. Diski ya ukanda wetu pekee itasomeka 11101111. Ya Marekani pekee itasomeka 11111110. Deki inasoma baiti hiyo, inalinganisha na namba yake yenyewe, na kama haziafikiani inaweka maandishi na kusimama. Ni hivyo tu. Lakini diski iliyochapwa kiwandani haiandikwi upya, kwa hiyo dawa zote zinafanyika upande wa deki au kompyuta.

Ndiyo maana pia wateja wa kibanda umiza hawajawahi kuona ujumbe huu. VCD, zilizojaa mitaani miaka ile, hazikuwekewa kanda kabisa. Nakala iliyochomwa kwenye DVD-R nayo haina: ufunguo wa usimbaji (kuficha data ili isisomeke bila ufunguo) wa diski halisi hukaa kwenye eneo ambalo diski tupu za kawaida haziruhusu kuandikwa, na programu za kunakili huiweka ile baiti kuwa 00. Matokeo yake aliyenunua mkanda wa wizi anatazama kwa raha, na aliyelipia diski halisi ndiye anayehangaika na kufuli. Sijaona bado mtu aliyeweza kuitetea hesabu hiyo.

Kuna diski moja inayowachanganya sana waongoza watalii wa Moshi: ile anayotuma mpanda mlima akisharudi kwao, yenye picha za Kilimanjaro alizounganisha mwenyewe. Hiyo imechomwa nyumbani, kwa hiyo haina ukanda. Ikigoma, usiseme ni ya Marekani ndiyo maana. Sababu ni mojawapo ya hizi. Kwanza, ni diski ya data: mtu kaburuta faili za MP4 au MOV akazichoma kama zilivyo, na deki ya kawaida inatafuta folda ya VIDEO_TS. Iweke kwenye kompyuta. Ukikuta faili hizo zimekaa tu, zihamishie kwenye flashi, na kama TV yako ina tundu la USB mchezo umekwisha. Pili, diski haikufungwa mwishoni mwa kuchoma, yaani ile hatua ya kuimalizia ili mashine nyingine ziweze kuisoma. Kompyuta inaweza kuisoma kwa taabu, deki hapana. Aliyeichoma ndiye anayeweza kuimaliza, kwa mashine ileile. Tatu, deki ya zamani haipendi DVD+R, aina nyingine ya diski tupu ya kuchomea. Nne, picha ni za NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, na TV ni chogo la zamani, hilo nitalifikia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, soma kioo. Deki ikiandika No Disc au Bad Disc, hapo shida ni kusoma: lenzi chafu, mikwaruzo, au aina ya diski. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi linatosha kuifunika lenzi, na pamba yenye spiriti safi kwa mguso mwepesi huirudisha. Ikiandika habari za region au area, ni ukanda. Isipoandika kitu, ikacheza lakini picha ikawa haina rangi au inapanda na kushuka, ni mfumo wa picha. Na isipowaka kabisa huku ikinuka, ni umeme. Watu wanachanganya haya manne na kulipia ufundi wasiouhitaji.

Sasa deki. Jambo la kwanza huwashangaza watu: kwa kazi hii deki ya Kichina isiyo na jina ni bora kuliko ya kampuni kubwa. Nyingi zimetoka kiwandani zikiwa kwenye 0, au zina menyu ya siri inayofunguka kwa rimoti yake. Kampuni kubwa ndizo zilizokuwa na mikataba ya kutunza, na baadhi ya Sony hazifunguki kwa rimoti ya kawaida kabisa.

Utaratibu wa menyu ya siri hufanana karibu kote: fungua trei, usiweke diski, ingia SETUP, nenda kwenye ukurasa fulani, andika namba maalumu, kisha badilisha ukanda. Chukua mfano wa Philips DVP642, deki iliyosambaa sana. Iwashe, fungua trei. Bonyeza SETUP, sogea kulia hadi ukurasa wa Preference. Andika 1 3 8 9 3 1 kwa rimoti. Itatokea namba ya ukanda. Panda au shuka kwa mishale hadi 0, kisha bonyeza SETUP kutoka. Funga trei, zima, washa. Namba hizo za siri zinaendana na modeli kamili iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, siyo jina la kampuni tu. Kwa Philips hata kile kipande baada ya mkwaju kina maana: /37 ni deki ya soko la Marekani, /05 ya Uingereza. Ukitafuta mtandaoni, andika modeli yote.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Moja, rimoti za kuokoteza, zile zinazokubali deki kumi, mara nyingi hazitumi baadhi ya vitufe, na namba ya siri haifiki ilivyo. Tafuta rimoti yenyewe. Mbili, trei: kwenye modeli nyingi namba inapokelewa trei ikiwa wazi tu au deki ikiwa tupu, na mtu anayeandika huku diski inazunguka anaambulia kurukia sura ya filamu. Tatu, kubahatisha. Menyu za kiwandani zina vipimo vingine humo ndani, na kubonyeza namba za deki ya mwenzako kwenye ya kwako kunaweza kukufungia kwa nywila ya watoto usiyoijua, au kubadilisha kitu ambacho hutajua ulikigusa wapi. Baadaye, ukirudisha deki kwenye mpangilio wa kiwandani, angalia tena: nyingine hurudi kwenye namba yake ya awali.

Deki nyingine zinataka programu yake ya ndani iandikwe upya kutoka kwenye CD-R. Inawezekana, lakini umeme ukikatika katikati, deki inakuwa tofali. Ifanye kwenye UPS au kwenye inveta, siyo siku za mgao.

Ukishaweka 0 usishangae diski fulani fulani za Marekani zikakataa bado. Kuanzia 2000 baadhi ya kampuni ziliongeza mtego uitwao RCE: programu ndogo ndani ya diski inaiuliza deki wewe ni wa ukanda upi, na ikijibiwa tofauti na 1 inaonyesha ramani ya dunia yenye maelezo kwamba mashine hii hairuhusiwi, huku vitufe vyote vikifa ganzi. Ramani hiyo ndiyo alama yake. Ukiiona, achana na 0, rudi kwenye menyu ya siri na uweke 1 kabisa. Kwenye deki zinazojibadilisha zenyewe kuna njia nyepesi zaidi: tia kwanza diski ya kawaida ya ukanda wa 1, iache icheze kidogo, itoe, kisha tia ile yenye mtego. Deki huanza na ukanda uliofanya kazi mara ya mwisho, na mtego unadanganyika.

Kompyuta ni habari nyingine, na hapa ndipo uharibifu usiorudishika hutokea. Sehemu ya kusomea DVD kwenye laptop au desktop iliyotengenezwa kuanzia 2000 ni ya aina ya RPC-2: namba ya ukanda inakaa ndani ya kifaa chenyewe, na mtumiaji anaruhusiwa kuibadilisha mara tano tu. Ya tano ikipita, namba iliyopo ndiyo ya kufa nayo. Kupiga Windows upya hakusaidii, kubadilisha hard disk hakusaidii, kwa sababu hesabu haiko huko. Mtengenezaji anaweza kuirudisha upya hadi mara nne, lakini nani ataituma laptop ya zamani kiwandani kutoka Majengo?

Kwenye Windows utaiona hivi: fungua Device Manager, panua DVD/CD-ROM drives, bonyeza mara mbili jina la kifaa, kisha ukurasa wa DVD Region. Chini kumeandikwa mabadiliko yaliyobaki. Hapo unachagua jina la nchi, na Windows yenyewe inaweka namba. Kwenye Linux kuna programu ndogo ya regionset inayofanya kazi hiyohiyo. Kwenye Mac, programu ya DVD Player hukuuliza yenyewe unapoweka diski ya ukanda tofauti, na hapo watu hubonyeza OK bila kusoma. Wiki hii diski ya London, wiki ijayo ya Marekani, wiki inayofuata ya Mumbai. Hazijafika sita, umeshafungwa. Mwenye laptop ya mtumba azitazame namba hizo kabla ya kutoa hela, maana aliyetangulia anaweza kuwa amemaliza mizunguko yote na kuiacha kwenye 2.

Njia ya kukwepa hesabu hiyo ni VLC, programu ya kuchezea video. VLC haiulizi ukanda. Inatumia maktaba, yaani kipande cha programu, ya libdvdcss kufungua usimbaji. Lakini kuna kikwazo: kifaa cha RPC-2 kilicho kwenye ukanda tofauti kinakataa kutoa ufunguo wa filamu. Hapo libdvdcss inaubahatisha yenyewe kwa hesabu, na inawezekana kwa kuwa ufunguo wa CSS, ndilo jina la usimbaji wa DVD, ni biti 40 tu na usimbaji wenyewe ulikuwa dhaifu. Ulivunjwa hadharani 1999, na kijana wa Norwei aliyeshtakiwa kwa hilo, Jon Lech Johansen, aliachiwa huru na mahakama ya kwao 2003, na rufaa dhidi yake ikashindwa mwaka uleule. Kwa hiyo diski ikichukua dakika nzima kabla ya picha kutokea, usiitoe. Iache ipige hesabu. Mara ya pili itakuwa haraka kwa sababu funguo huhifadhiwa. Kwenye Ubuntu weka kifurushi cha libdvd-pkg kisha endesha sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg. Bila hatua hiyo ya pili maktaba haijengwi, na wengi huishia ya kwanza wakalaumu VLC. Kwenye Windows 8 na kuendelea mfumo wenyewe hauchezi DVD za filamu, kwa hiyo VLC utaihitaji tu.

Vifaa fulani, hasa vile vya Matshita vilivyowekwa kwenye laptop nyingi, vinakataa hata kusoma sehemu zilizosimbwa kama ukanda hauendani. Hapo VLC itafungua menyu au itatoa kosa, na hakuna ujanja wa programu. Suluhisho la busara kuliko yote ni kununua kisomeo cha nje cha USB, chembamba, na kukiwekea ukanda mmoja tu: weka 1, andika 1 juu yake kwa maka peni, usikiguse tena. Kile cha ndani kiache kwenye 5 au 2. Kila kifaa kina hesabu yake, kwa hiyo viwili vinakupa kanda mbili za kudumu bila kupoteza mzunguko.

Ukishapita kwenye ukanda, unakutana na PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV, ambayo haihusiani na ukanda kabisa ingawa watu huvisema kwa pumzi moja. Diski ya London na ya Tokyo zote ni za ukanda wa 2, lakini ya kwanza ni PAL na ya pili ni NTSC. Tanzania tuko PAL: mistari 576 ya picha kwenye DVD, picha 25 kwa sekunde. NTSC ya Marekani na Japani ni mistari 480 na picha 29.97. Filamu ya sinema hupigwa kwa picha 24, kwa hiyo kwenye PAL inakimbizwa kwa asilimia 4: filamu ya dakika 100 inaisha kwa 96, na sauti inapanda kidogo. Dakika nne zikipungua hujaibiwa kipande.

Flati za siku hizi hazina shida, zinapokea yote. Tatizo liko kwenye chogo. Picha ikitulia lakini ikawa nyeusi na nyeupe, TV imeshindwa rangi tu: NTSC inabeba rangi kwenye 3.58 MHz na PAL kwenye 4.43 MHz, na chogo la PAL pekee haliioni ile ya kwanza. Picha ikiwa inazunguka kama pazia, TV imeshindwa mwendo wa NTSC, wa nusu-picha 60 kwa sekunde. Dawa ya vyote iko kwenye deki: SETUP, kisha TV Type au TV System, weka PAL badala ya AUTO au MULTI, na deki nyingi za Kichina zitabadilisha zenyewe. Ukikosea ukaweka NTSC na kioo kikawa hakisomeki kiasi huoni tena menyu, tafuta kwenye rimoti kitufe kilichoandikwa N/P au P/N. Kila ukikibonyeza deki inageuza mfumo, na picha inarudi bila kuona menyu.

Deki iliyotoka Marekani haina huruma hiyo. Nyingi hazichezi PAL kabisa, hata ukizifungua ukanda. Mtu mwenye deki ya Marekani na diski za Uingereza ana makufuli mawili, na moja tu ndilo linalofunguka.

Chogo lisilo na matundu ya AV lina kituko kingine. Watu hupitisha waya wa deki kwenye deki ya zamani ya VHS ili kupata njia ya antena, kisha picha inang'aa na kufifia kila baada ya sekunde chache. Hiyo ni Macrovision, kinga ya kuzuia kurekodi kwenye mkanda. Usihangaike na waya. Tafuta kigeuzi cha AV kwenda RF, yaani njia ya antena.

Umeme ndio unaoua vifaa moja kwa moja. Deki ya Marekani ina plagi ya pini mbili bapa, na dukani utauziwa adapta ya kuiingiza kwenye soketi yetu ya pini tatu za mraba. Adapta hiyo inabadilisha umbo la pini, haishushi volti. Huku ni 230, kule ni 120. Soma kibandiko cha nyuma: kikiandika AC 100-240V, chomeka. Kikiandika AC 120V 60Hz, simama hapo hapo. Ya Japani itaandika 100V.

Kibandiko kikiwa kimebanduka, fundi afungue kifuniko atazame kapasita kubwa kuliko zote kwenye ubao wa umeme, ile nene iliyosimama karibu na mahali waya unapoingilia. Ikiandikwa 400V, ubao ulitengenezwa kwa umeme wa dunia nzima. Ikiandikwa 200V, ni wa 120 pekee, kwa sababu umeme wa 120 ukishanyooshwa unafika kama volti 170, na wetu wa 230 unafika 325. Kapasita ya 200 ikipigwa 325 inavimba, inapasuka, na kuondoka na fyuzi, varista na pengine transista ya kuwashia. Kapasita hiyo inabaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Isiguswe kabla ya kupimwa.

Deki ya 120V inataka transfoma ya kushusha kutoka 230 kwenda 110 au 120. Deki hula wati kumi hadi ishirini na kitu, kwa hiyo transfoma ya wati 100 inatosha na haitachemka. Tofauti ya 50 na 60Hz haiisumbui deki yenye ubao wa kisasa. Usitumie vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri vya pasi na mashine za kukaushia nywele. Vinakata mawimbi ya umeme vibaya na vifaa vya kielektroniki havivistahimili. Na kwa kusema kweli, ukishajumlisha transfoma, fundi na PAL isiyochezeka, deki ya Marekani ni ya kumpa mtu anayetaka vipuri.

Blu-ray ilipanga dunia upya, kwa herufi. A ni Amerika zote, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Afrika yote, Ulaya, Mashariki ya Kati, Australia. C ni India, China bara, Urusi. Kwa hiyo Johannesburg na Dubai, zilizotugomea kwenye DVD, kwenye Blu-ray ni majirani zetu, na India tuliyokuwa nayo imehama. Mashine ya Blu-ray ina makufuli mawili tofauti, moja la DVD na moja la Blu-ray, na kufungua la DVD hakugusi lingine. Blu-ray nyingi hazijafungwa kwa herufi yoyote, kwa hiyo kuijaribu hakugharimu kitu. Diski za 4K hazina ukanda kabisa.

PlayStation 3 na 4 zinawapoteza watu kwa sababu gemu zake kwa kawaida hazibagui nchi. Filamu zinabagua. PS4 iliyotoka Marekani itacheza gemu la duka la Arusha bila neno, kisha itakataa DVD ya ukanda wa 5 na Blu-ray ya B, na hakuna kwenye menyu pa kubadilisha. Ya Dubai ni DVD 2 na Blu-ray B.

Ukienda kununua deki ya mtumba, beba diski tatu: moja halisi ya ukanda wa 5, moja ya nje ambayo ndiyo unayotaka icheze, na nakala yoyote iliyochomwa. Anza na iliyochomwa; ikigoma hiyo, huenda lenzi imechoka na hakuna haja ya kuendelea. Kisha ya 5, kisha ya nje. Muuzaji akikwambia imeshafunguliwa kanda zote, muombe azime swichi ya ukutani, ahesabu hadi kumi, awashe tena, kisha urudie ile ya nje, kwa maana zipo zinazosahau zikikatiwa umeme. Rimoti iwe ya deki hiyohiyo, na uione ikifungua menyu ya SETUP mbele yako.

Halafu geuza deki usome kibandiko cha nyuma. Dunia yenye 1 na 120V chini yake, rudisha mezani hata kama bei inavutia. Yenye 2 na 230V imetoka Ulaya, Dubai au Afrika Kusini, na hiyo inafaa sana: umeme ni wetu, PAL inacheza, imebaki ukanda tu. Andika modeli kwenye simu, tafuta namba yake ya siri ukiwa bado umesimama hapo dukani, na ijaribu kabla hujatoa pesa.